Unga wa Mbao

 Kisa nitakachokusimulia leo si cha wafalme wala cha watu wa kale. Ni kisa cha gari bovu lililokuwa limelala uani kwetu Temeke, na cha mimi mwenyewe niliyetaka kulipamba kwa uongo ili mtu mwingine alinunue. Nimekaa nacho kifuani kwa muda mrefu, kwani si jambo la kujivunia. Lakini mzee mmoja aliniambia kwamba kosa lililofichwa huzaa, na lililosemwa hukoma. Basi nalisema.

Gari lenyewe lilikuwa Land Rover la marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lilikuwa lile refu la turubai, la toleo la tatu, aina iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 mpaka 1985. Wanaoyajua magari haya wanajua kwamba bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu. Lakini chasisi ni ya chuma, na chumvi ya pwani yetu haina huruma na chuma. Kando ya mti mkubwa wa gia kuna vijiti viwili vifupi, kimoja kina kichwa cha manjano na kingine chekundu. Cha manjano huyapa nguvu magurudumu ya mbele, na chekundu hulipunguzia gari mwendo na kuliongezea nguvu kwenye matope. Watoto wote wa mtaani kwetu walijua kazi ya vijiti hivyo kabla ya kujua hesabu za shule.

Baba alilinunua mnadani mwaka 1986, likiwa limekwisha kutumika sana. Tangu hapo halikuwa gari lake peke yake. Wakati wa msiba lilibeba jeneza, wakati wa maulidi lilibeba masufuria na mikeka, na usiku wa manane lilibeba wanawake waliokuwa wakiumwa uchungu. Dada yangu mwenyewe alipelekwa hospitali ndani yake kujifungua mwanawe wa kwanza. Mara ngapi baba alikwenda nalo Kibiti na kuvuka Rufiji kwa kivuko, miaka ile kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kwa sababu tu jirani amefiwa ng'ambo ya mto na hana nauli! Akirudi alikuwa mwekundu kwa vumbi kama tofali, na wala hakutoza mtu kitu.

Baba alifariki mwaka 2009, na mama alikuwa amemtangulia. Tulibaki warithi watatu: mimi, mdogo wangu aliyeko Maskati, na dada yetu mjane aliyeko Tanga. Nyumba tuliimaliza mapema. Gari likabaki. Kila mwaka nikisema, "Inshaallah mwaka huu tutaliuza tugawane," na kila mwaka nikilitumia mimi. Nililikodisha kubeba matofali, nikalikodisha kubeba vyombo vya harusi, na fedha zikaishia mfukoni mwangu. Hesabu ya mirathi yetu haikuwa ngumu hata mtoto wa chuoni asiiweze: mafungu 5, sisi wanaume kila mmoja 2, na dada 1. Lakini kwa miaka mingi nilikula mafungu yote 5 peke yangu, nami nikijiita mwangalizi wa mali.

Dada hakunigombeza hata siku moja. Alipiga simu tu msimu mmoja wa masika akanisalimu, akauliza habari za watoto, kisha akasema taratibu, "Kaka, paa langu limeoza. Naweka ndoo 3 chumbani." Hakutaja gari. Nilipokata simu nilijua ametaja nini.

Basi nikaamua kuliuza. Nikampata dalali, na dalali akampata mnunuzi kutoka Kinondoni, kijana aliyekuwa akitafuta gari la kubebea machungwa na mihogo kutoka Mkuranga hadi sokoni Tandale. Alikuja akaliangalia, akapenda bodi, akasema atarudi Jumamosi ya wiki ya pili yake na fundi wake na fedha zake. Alitaja bei nzuri. Nami nilijua jambo ambalo yeye hakulijua.

Gari lilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ilikuwa klachi. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, lakini likianza kupanda kilima cha Pugu injini ilinguruma kama simba na gari lisiongeze mwendo, kisha kikaja chini ya miguu harufu ya kitu kinachoungua. Klachi ilikuwa ikiteleza. Chini ya hausingi yake, ambako watengenezaji waliacha tundu dogo ili mafuta yakivuja yaonekane, palikuwa na tone la oili kila asubuhi. Kasoro ya pili ilikuwa ndani ya giaboksi. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, palisikika mlio kama wa nyuki ndani ya chupa. Ukikanyaga klachi mlio unakatika, ukiachia unarudi. Katika gia ya 1, ya 2 na ya 3 uliongezeka, na katika gia ya 4 ukapungua. Anayeyajua mambo haya hahitaji kufungua kitu: ni beringi ya shafti ya chini, kwa kuwa gia ya 4 hupeleka nguvu moja kwa moja bila kuipa shafti ile mzigo. Gia ya pili nayo ilikuwa na mlio wake mwingine, mkavu, wa meno yaliyokwisha.

Nikamweleza dalali. Akacheka. Akasema, "Hilo ni jambo la siku moja." Akanifundisha: petroli imwagwe kwa lile tundu la chini ili klachi ikauke na kushika kwa siku chache, na katika giaboksi yatiwe magao mawili matatu ya unga wa mbao pamoja na oili nzito. Unga ule hulowana, hujaa katikati ya meno, na mlio hufa. "Atalipeleka na kulirudisha," akasema, "hatasikia kitu. Baada ya hapo ni lake."

Ndugu msomaji, ningependa kukuambia kwamba nilikasirika. Sikukasirika. Nilimuuliza unga wa mbao wa namna gani.

Asubuhi yake nilikwenda Keko kwa mafundi seremala. Anayepajua Keko anajua kwamba unga wa mbao pale ni takataka, umerundikana mpaka njiani. Nikamwendea seremala mmoja, mtu mpole, nikamwomba kidogo. Akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa kutandika banda la kuku. Sikuwa nimeupanga uongo huo, ulitoka wenyewe, mwepesi kabisa. Akauliza, "Kuku wangapi?" Nikasema 40. Akasema, "Basi hicho hakitoshi," akachukua kiroba, akakijaza yeye mwenyewe, akachekecha vipande vyenye ncha visije vikaumiza miguu ya vifaranga, akanitwisha begani. Hakutaka hata senti. Nilitembea mpaka kituo cha basi na kiroba kile begani, na sijapata kubeba kitu chepesi kilichonilemea namna ile.

Kazi yenyewe sikuweza kuifanya peke yangu. Nikamwendea mzee mmoja wa Tandika, fundi aliyelihudumia gari lile tangu siku za baba. Alikuwa ameacha kazi, macho yamepungua nguvu, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alikuja baada ya swala ya alasiri, nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniambia niwashe. Akasikiliza. Akainama, akachovya kidole katika lile tone chini ya hausingi, akalinusa. "Hii si ya giaboksi," akasema. "Oili ya giaboksi inanuka kama kiberiti. Hii ni ya injini. Mpira wa nyuma unaozunguka krenki umekakamaa." Kisha akakiona kiroba karibu na gurudumu. Akatia mkono ndani, akautoa, akaupukuta. Akaniuliza, "Wewe unafuga kuku siku hizi?"

Nikanyamaza.

Akaketi juu ya tairi. Sikutegemea aniambie aliyoniambia. Alisema, "Mwanangu, mimi nimekwisha kuutia unga huu. Ilikuwa mwaka 1984, Buguruni. Unakumbuka hali ilivyokuwa baada ya vita vya Kagera, vipuri havikuwako, klachi iliyokwisha tulikuwa tunaigongea upya vitambaa kwa ribiti. Mtu mmoja alikuwa na Peugeot 404 ya teksi, giaboksi imekufa, akataka kuiuza. Akanilipa nikatia unga. Aliyeinunua alikuwa dereva aliyeuza minazi yake ya urithi ili naye awe na chake. Wiki 3 baadaye alinijia na karai. Ndani ya karai mna uji mweusi, unga umegeuka uji, oili haikupita kwenye beringi, kila kitu kimeungua. Hakunitukana. Aliniuliza tu, 'Fundi, hii inatengenezeka?' Nikamwambia haitengenezeki. Na hilo ndilo lilikuwa neno la kweli la kwanza nililomwambia."

Akanyamaza kidogo, akaendelea. "Miaka ikapita. Ijumaa moja nikaswali, na nilipotoa salamu upande wa kulia, nikauona uso wake. Safu moja, bega kwa bega. Ulimi ukatamka amani na moyo ukajificha. Nikatoka mbio kabla hajanisemesha. Nilipopata moyo wa kwenda kumtafuta nimtake radhi, nikaambiwa amekwisha zikwa."

Sote tumekisikia darasani kisa cha yule muuza nafaka wa Madina, ambaye Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika chungu yake akakuta chini kumelowa, akamfundisha kwamba kilicholowa kiwekwe juu watu wakione. Nimekisikia tangu nikiwa na miaka 7, na nimewahi kuwasimulia wanangu. Lakini siku ile niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Yule muuzaji angalau mvua ndiyo iliyolowesha nafaka yake. Mimi maji nilikuwa nimeyafuata mwenyewe mpaka Keko, nikatwishwa begani.

Mzee akasema ataifanya kazi sawasawa ikiwa nitataka, na vijana wawili wa kunyanyua. Nikawapigia simu warithi wenzangu, kwa kuwa mali si yangu peke yangu na sikuwa na haki ya kuamua. Mdogo wangu wa Maskati alikasirika. Akasema, "Gari la miaka ile, nani asiyejua lina kasoro? Mnunuzi anakuja na fundi wake. Asipoona, ni shauri lake." Maneno yake yalikuwa na uzito, nami nusura nikubaliane naye. Nikampigia dada. Akanyamaza, kisha akauliza, "Huyo kijana ana watoto?" Nikasema sijui. Akasema, "Mimi ninao wa kukusaidia kunyanyua." Kesho yake mwanawe mkubwa, yule aliyetaka kuzaliwa ndani ya gari lile, akapanda basi kutoka Tanga.

Gharama nilizibeba mimi kutoka katika fungu langu. Wala usiniite mkarimu, ndugu msomaji. Miaka yote niliyolikodisha gari nilikuwa nadaiwa.

Tukaanza Jumatatu chini ya mwembe. Land Rover la namna hii giaboksi haitoki kwa chini kama magari mengine. Hutolewa kwa juu, kupitia ndani anamokaa dereva. Tukavua turubai, tukatoa viti, tukafungua sanduku lililo chini ya viti na mabati ya sakafu. Tukafungua propela ya mbele na ya nyuma, waya wa spidi, vijiti vya gia, breki ya mkono, na pampu ndogo ya klachi. Injini tukaiegemeza kwa jeki na kipande cha gogo, maana giaboksi ikitoka injini hukosa mtu wa kuishika mgongo. Kisha tukafunga mnyororo kwenye tawi nene la mwembe, tukafungua nati za hausingi, tukaivuta nyuma na kuinyanyua. Ilipotokeza juu ya viti ikininginia, watoto wa mtaa wakapiga makofi.

Sahani ya klachi ilikuwa imelowa oili, inang'aa kama kioo. Hakuna petroli ambayo ingeitibu, ingeidanganya tu. Tulishusha na karai la oili la injini ili tuufikie ule mpira wa nyuma, ambao kwa injini hii huja vipande viwili, ukavishwa kuzunguka krenki. Gerezani nikapata sahani mpya, kifuniko chake chenye springi, beringi ya klachi, na beringi ya shafti ya chini. Meno ya gia ya pili sikuyapata mazima. Niliyoonyeshwa yalikuwa yamekwisha kuliko yetu.

Nilidhani kazi ngumu ni kutoa. Kumbe ngumu ni kurudisha. Mzee aliifuta flaiwili kwa msasa na petroli mpaka ikawa kavu, akatuamrisha tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa sahani. "Alama ya kidole chenye grisi," alisema, "utaisikia kila ukiondoa gari." Akatuonyesha upande wa sahani unaoelekea injini na ule unaoelekea giaboksi, kwani ukiigeuza klachi haitaachia kabisa na kazi yote utairudia. Kisha akasema, "Sasa nahitaji mti."

Sikumwelewa. Akaeleza. Sahani ile hukaa katikati ya flaiwili na kifuniko, na mpaka kifuniko kikazwe inaelea, haina cha kuishika. Shafti ya giaboksi lazima ipite katika tundu la sahani na ncha yake iingie katika bushi ndogo ya shaba iliyo katikati ya krenki. Sahani ikikaa pembeni kidogo tu, giaboksi haitaingia hata ukiibembeleza mpaka magharibi. Hivyo mafundi huweka kitu cha mviringo kinachofanana na shafti ile, chenye ncha nyembamba mbele na unene nyuma, ili kuiweka sahani katikati wakati wa kukaza. Chake cha chuma alikuwa amekipoteza. "Mti mgumu uliochongwa vizuri unatosha," akasema. "Nenda Keko."

Nikasimama. Nikamwambia, "Mzee, Keko siwezi kwenda." Akanipa vipimo.

Seremala aliponiona akafurahi. Kabla sijatoa salamu sawasawa akauliza, "Kuku wanaendeleaje?" Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yote yakapotea. Nikamwambia hakuna kuku. Nikamwambia unga ulikuwa wa nini. Watu wawili waliokuwa wakipiga randa wakasimama kusikiliza. Seremala aliniangalia kitambo, na nilidhani atanifukuza. Akauliza, "Umeutia?" Nikasema bado uko katika kiroba. Akaguna, akachukua kipande cha mninga kilichobaki katika kazi ya kitanda, akavisoma vile vipimo, akakifunga kwenye mashine. Alikichonga polepole, akikipima mara kwa mara, mpaka ncha ikawa laini kama shanga. Nilipomuuliza bei aliitaja, wala haikuwa ndogo. Labda aliona uso wangu, maana alisema, "Ule unga ulikuwa takataka, ndiyo sababu nilikupa bure. Hii ni kazi."

Kijiti kile cha mninga kiliingia katika bushi bila kulazimishwa. Mzee akaivalisha sahani juu yake, akafunika, akakaza boliti kidogo kidogo kwa mkingamo, hii ya juu kisha ile ya chini inayoielekea, ili kifuniko kishuke sawa. Alipokichomoa, sahani ikabaki katikati kabisa. Akapaka meno ya shafti grisi nyembamba, kiasi cha kuonekana tu, akahakikisha beringi ya klachi imeshikwa vizuri na kibanio chake kwenye uma. Tukaishusha giaboksi kwa mnyororo.

Ikaingia, ikasimama. Palibaki nafasi ya vidole viwili. Jua lilikuwa limezama nusu. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, nati zimeshika. Tuikaze, itavutika yenyewe." Nami nilikuwa nimechoka, mnunuzi anakuja kesho kutwa, nikasema, "Kaza." Mzee aliruka kama kijana. Akasema, "Usikaze! Ukivuta kwa nati unavunja hausingi au unapinda sahani, halafu utakuja kusema kipuri kilikuwa kibovu. Inapokataa ina sababu. Tafuta sababu." Akatuambia tusiuache uzito wa giaboksi uning'inie juu ya sahani, tuupokee kwa mnyororo. Akalala chini, akapima kwa jicho, akatuambia tushushe jeki ya injini kidogo, kwani injini na giaboksi havikuwa vimenyooka. Kisha akatia gia, akamwambia mpwa wangu azungushe kwa mkono ngoma ya breki iliyo nyuma, taratibu, huku sisi tukisukuma bila nguvu nyingi. Ngoma ikazunguka, shafti ikazunguka, meno yakatafuta meno. Likasikika "kop". Nafasi ya vidole viwili ikawa haipo.

Palimwagika oili nyingi uani siku zile, nao ule unga wa mbao ndio tulioutandaza kuinyonya. Ulifaa sana kwa kazi hiyo.

Ijumaa tukarudisha sakafu na viti, tukajaza pampu mafuta ya breki, mpwa akikanyaga pedali na mzee akitoa hewa kwa chini, mpaka pedali ikawa ngumu. Tukapanda Pugu. Injini iliponguruma, gari likaenda. Mlio wa nyuki haukuwako. Mlio mkavu wa gia ya pili ulikuwako.

Jumamosi kijana wa Kinondoni akaja na fundi wake. Nilikuwa nimeandika katika karatasi yote tuliyoyafanya na yote tusiyoyafanya, na juu kabisa niliandika gia ya pili, kama ile nafaka iliyolowa. Akalipeleka mpaka Mbagala na kulirudisha. Akaisoma karatasi, akaniangalia kama mtu anayetafuta mtego. Akauliza, "Na kingine?" Nikasema, "Chasisi ina kutu nyuma upande wa kushoto, nimekwisha kukuonyesha. Kingine sikijui." Fundi wake akamvuta pembeni wakanong'ona, akarudi akapunguza bei, na hakupunguza kidogo. Nikakubali.

Siku hiyo hiyo nikagawa mafungu 5. Mdogo wangu alipokea fungu lake na kusema kwamba uaminifu wangu umemgharimu, na mpaka leo tukizungumza kuna kitu kidogo kati yetu. Dada alinunua mabati. Yalitosha vyumba viwili. Jiko bado ni la makuti, na masika hupikia ukumbini. Lau ningalitia unga, labda na jiko lingeezekwa. Sikufichi hilo, kwani wako wanaohubiri kwamba kila atendaye haki hulipwa fedha papo hapo, na mimi sikulipwa. Nilichopata ni kwamba niliweza kwenda Tanga nikalala chini ya mabati yale mvua ikinyesha, nikapata usingizi.

Kile kijiti cha mninga ninacho bado, kiko juu ya rafu karibu na msahafu wa baba. Wageni huniuliza ni nini, na nikiwa na moyo huwaeleza. Na jambo moja hunishangaza kila nikikitazama: yule yule seremala, kutoka mbao zile zile, alinipa vyote viwili. Kimoja nilikiomba kwa uongo na kingine kwa ukweli.

Mara moja moja huliona lile Land Rover likipita barabara ya Kilwa na machungwa yamejaa. Husimama nikasikiliza linapoanza kuondoka kituoni. Gia ya pili bado inalia. Mimi naisikia, naye anaijua, na akiniona hunipungia mkono.

Ndugu msomaji, wewe na mimi tunauza kila siku. Kama hatuuzi gari tunauza samaki, au kazi ya mikono yetu, au tunamposea mtoto wetu na kumsifu mbele ya wakwe. Ulizia nafsi yako kuna kiroba gani karibu na gurudumu, na ulimwambia nani kwamba ni cha kuku. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaficha, na atupe muda wa kuwaona wenyewe kabla hawajazikwa. Amin.